Udongo Uliochoka Hauponi kwa Gunia Moja

Katika miteremko ya Nyeri, tangu Othaya na Mukurweini mpaka Tetu na Mathira, udongo ni mwekundu na wenye kina, nao ulitokana na volkeno za Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Wazee waliurithi ukiwa na rutuba nyingi. Lakini siku hizi si ajabu kumwona mkulima aliyetia mbolea ya dukani msimu baada ya msimu, naye akavuna vigunzi vitupu. Huilaumu mvua, huilaumu mbegu, na karo ya watoto humkuta mikono mitupu. Ni mara chache ainame autazame udongo wenyewe.

Habari hii si mpya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliwaamuru watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1947, katika wilaya jirani ya Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati ule, wanawake walikataa kazi hiyo. Tena katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wanavijiji walitolewa kuchimba kwa shuruti. Basi wengi waliyachukia matuta kama walivyoichukia amri, na uhuru ulipofika mengine yaliachwa yakabomoka. Lakini kosa lilikuwa la shuruti, wala tuta halikukosa. Udongo usiozuiliwa hutelemka mpaka mto Sagana, ukaingia Tana, ukatuama katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Huko haumfai mkulima, na bwawa hulijaza tope.

Maradhi ya pili hayaonekani kwa macho, nayo ni uchachu. Mbolea yenye amonia, kama ile iitwayo D.A.P., ikitiwa miaka mingi bila dawa nyingine, huuzidisha uchachu wa udongo. Udongo ukishakuwa mchachu mno, madini ya chuma na alumini yaliyomo huikamata fosfeti, hata mizizi isiweze kuipata. Hivyo mkulima hununua chakula cha mmea, na udongo hukifungia ghalani.

Dawa yake ni chokaa ya shamba. Walakini mtu asiimwage kwa kukisia. Yampasa kwanza kupima udongo: achukue kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi za shamba, kina cha shubiri moja, aepuke mahali pa zizi na pa majivu, achanganye vyote, kisha apeleke sehemu yake kupimwa. Chokaa itiwe majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala isichanganywe na samadi wakati mmoja, maana hewa yenye nguvu ya samadi itapotea. Na mwenye chai asiitie huko, kwa kuwa chai hupenda udongo mchachu.

Hata hivyo chokaa peke yake haitoshi. Katika kituo cha utafiti cha Kabete, ambako udongo ni mwekundu kama wa Nyeri, jaribio lilianzishwa mwaka 1976, mahindi na maharagwe yakipandwa katika viwanja vile vile kila mwaka. Baada ya miaka mingi ilionekana kwamba viwanja vilipungukiwa na mboji, hata vile vilivyotiwa mbolea ya dukani. Vilivyopungukiwa kidogo kuliko vingine ni vile vilivyopata samadi pamoja na mabua.

Hapa ndipo penye shida. Mwenye eka moja ana ng'ombe, na ng'ombe hula mabua. Ampe nani, ng'ombe au udongo? Jibu limo katika lile tuta lililochukiwa. Majani ya nepia yakipandwa ukingoni mwa tuta, na miti ya kaliandra kando yake, hushika udongo na kumlisha ng'ombe. Ndipo baadhi ya mabua yaweze kubaki shambani. Samadi nayo isiachwe juani na mvuani, maana jua huiondolea nguvu na mvua huiosha mpaka mtoni. Ilundikwe chini ya kibanda, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe mpaka iive. Maganda ya kahawa kutoka kiwandani yafaa kuchanganywa humo.

Kazi hii haiishi kwa mvua moja ya njahi. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa udongo uliokwisha kwenda Masinga hakuna fundi awezaye kuujenga tena. Babu alichimba tuta kwa kuogopa kiboko. Mjukuu na alichimbe kwa hiari yake, katika shamba lake, kwa ajili ya watoto wake.