NILIDISKO, NA HAIKUWA KWA SABABU YA CHAMA



Matokeo ya vyuo yakianza kutoka, simu yangu haipumziki. Huyu ananiuliza ana sapu tatu afanye nini. Yule ameona neno moja kwenye akaunti yake ya matokeo na hajatoka chumbani tangu jana. Wananitafuta mimi kwa sababu wanajua nilishapita huko. Leo nimeona niwajibu wote kwa pamoja, na nianze kwa kusema ukweli ambao kwa muda mrefu sikuusema hadharani.

Nilidisko mwaka 2020, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu. Kwa ambao hawajakaa chuo, kudisko ni kuondolewa masomoni kwa sababu ya ufaulu mdogo. Unapewa barua, unakabidhi chumba, unaondoka.

Mwaka wangu ulianza vibaya mapema. Novemba 2019 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Mnakumbuka yaliyotokea: wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa wingi, fomu zikakataliwa kwa makosa ya herufi, ofisi nyingine za watendaji zikafungwa mchana kweupe. Mimi nilikuwa nazunguka na wagombea wetu kuandika mapingamizi. Mihadhara nikaiacha. Nikajiambia nitasoma desa wiki ya mwisho kama kila mtu. Muhula ule nikafeli kozi mbili, na nyingine nikavuka kwa kuchechemea.

Muhula wa pili ulipokatika Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani. Vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni na kila kitu kikaenda mbio. Hapo nilipaswa kupiga msuli. Badala yake uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia na mimi nilikuwa kwenye kila kikao. Matokeo yalipotoka, GPA ya mwaka ilisoma 1.6.

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mimi nilidhani nikifeli nitafanya sapu, basi. Kumbe kanuni ya chuo chetu ilisema ukishuka chini ya GPA ya 1.8 kwenye mtihani wa kwanza, hata hiyo sapu huipati. Unaondoka moja kwa moja. Na hesabu ya GPA haiangalii umefeli kozi ngapi tu. Kila alama inazidishwa kwa uzito wa kozi. Kwetu C ilikuwa na pointi 2, D pointi 1, E sifuri. Ukipata C tupu kote unabaki na 2.0, yaani uko hatua moja tu kutoka mlangoni. Ukiweka E kwenye kozi nzito, unaweza kuwa umeshatoka. Nilikuwa na kijitabu cha kanuni tangu siku ya usajili, na sikukifungua hata mara moja.

Sasa lije lililonisumbua zaidi. Nilipopata barua, viongozi wangu wa tawi walinijia wakiwa na hasira. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Mmoja akaniambia, "Kamanda, hii tunaitoa. Wamekufukuza kwa sababu ya msimamo wako." Tamko lilikuwa limeshaandikwa, na jina langu liko juu. Nilikuwa na usiku mmoja wa kuamua. Nawaambia kweli, nilitamani kukubali. Ingekuwa rahisi kumwambia mama kwamba serikali imenifukuza kuliko kumwambia kwamba sikusoma.

Asubuhi nilikataa. Baadhi yao hawakunielewa, na mmoja hadi leo ananiona mwoga. Lakini nilijua idadi ya vipindi nilivyokosa. Kama tungesema uongo ule, siku kamanda mwenzetu atakapoonewa kweli, nani angetuamini? Wapo vijana wanaosumbuliwa vyuoni kwa sababu ya siasa zao. Kwa heshima yao, sikuwa na haki ya kujificha nyuma yao.

Nyumbani nilichukua wiki tatu kusema. Mama alikuwa anakaanga samaki. Akasikiliza, akageuza samaki, kisha akauliza, "Sasa ule mkopo, baba, nao wameufuta?"

Haukufutwa. Deni halidisko. Sheria ya Bodi ya Mikopo inamtambua mdaiwa awe amehitimu au masomo yake yamekatishwa. Zile fedha za chakula na malazi, wakati ule Sh. 8,500 kwa siku, pamoja na ada, zote zinakungoja. Ukipata ajira rasmi unakatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Aliyehitimu analipa akiwa na cheti mkononi. Aliyedisko analipa mikono mitupu.

Na hapo, ndugu zangu, kosa langu binafsi linaishia na siasa inaanza. Nimekubali nilikosea. Lakini nauliza: kati ya siku nilipofeli kozi mbili muhula wa kwanza na siku niliyopewa barua ya kuondoka, nani aliniita? Hakuna. Si mkuu wa idara, si mshauri wa wanafunzi. Chuo kilikuwa na alama zangu kwenye kompyuta kwa miezi kadhaa. Kilisubiri nianguke ndipo kiniandikie.

Kwenye vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi akishuka chini ya kiwango huwekwa kwanza chini ya uangalizi. Anapewa muhula mmoja, anapunguziwa mzigo wa kozi, anatakiwa kuonana na mshauri wake, na anaambiwa wazi akishindwa tena ataondoka. Si huruma, ni hesabu. Taifa limeshamlipia mtu huyu miaka miwili. Kumtoa bila kumwonya hata mara moja ni kumwaga maji baada ya kuyabeba kutoka mtoni.

Watawala wetu wana tabia ya kumwona anayeanguka kama takataka. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma waliambiwa wafungashe waondoke. Serikali ilieleza kuwa wahadhiri wameacha kuwafundisha kwa sababu ya malipo. Kosa si la wanafunzi, lakini wao ndio waliolala stendi. Wabunge wa upinzani walipotaka Bunge lijadili jambo hilo kwa dharura, walikataliwa, wakatoka nje. Siku chache baadaye Rais wa wakati huo, John Magufuli, akawaita vilaza. Baadaye baadhi yao walipangiwa vyuo vya ualimu. Lile neno halikurudishwa.

Mimi nilikuwa sekondari wakati ule na nililicheka. Miaka minne baadaye nikalisikia kichwani mwangu kila nilipopita karibu na lango la chuo.

Kwa hiyo tunadai nini? Kwanza, kila chuo kiwe na kipindi cha uangalizi kabla ya kumwondoa mwanafunzi, na Tume ya Vyuo Vikuu ilisimamie hilo. Pili, matokeo ya muhula wa kwanza yatoke mapema ili mtu ajue anasimama wapi. Tatu, bumu lifike kwa wakati, kwa sababu mwanafunzi anayekula mlo mmoja hashindani na kitabu. Nne, rufaa isikilizwe na watu wasiokuwa wale wale waliosahihisha. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale chombo kinapoamua juu ya haki zake. Chuo nacho ni chombo.

Lakini madai yanachukua muda, na wewe una barua mkononi leo. Basi nisikilize.

Usikae kimya. Muda wa rufaa ni mfupi na haukungoji umalize kulia. Soma kanuni za chuo chako usiku huo huo, andika tarehe ya mwisho ukutani.

Hakikisha alama. Kama kuna kozi huielewi, au matokeo ya majaribio hayajaingizwa, nenda idarani na karatasi zako. Makosa ya kuingiza alama hutokea. Ndiyo maana kila karatasi ya jaribio unaitunza hadi siku ya mahafali.

Kama uliumwa au ulifiwa, vyeti vya hospitali na barua ndiyo silaha yako. Bora zaidi, ukiona mambo yameharibika kabla ya mtihani, omba kuahirisha mwaka. Kuahirisha kunaruhusiwa, na anayeahirisha anarudi. Mimi niliingia mtihani mmoja nikiwa na homa kali, sikuripoti popote, na rufaa yangu ikakwama hapo hapo. Sikuwa na karatasi.

Mwambie mtu nyumbani. Namjua kijana aliyeaga kwao kila muhula kwa mwaka mzima akijifanya anakwenda chuo. Nauli alitumiwa, akaishi geto kwa rafiki. Ule uongo ulimmaliza kuliko disko lenyewe. Usipoweza kumwambia baba, anza na shangazi au mjomba. Na kama unafikiria kujidhuru, mpigie mtu sasa hivi, hata mimi.

Mwisho, milango mingine ipo. Mimi nilikaa mwaka mmoja nikiuza vocha na kufundisha tuisheni, nikaingia chuo cha kati, nikamaliza stashahada, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada tena. Darasani mimi ndiye mkubwa. Wananiita mzee, nami naitika.

Kwa viongozi wa matawi ya vyuoni nina ombi moja. Kabla ya kumpa mwanafunzi kazi ya chama, muulize ratiba yake ya mitihani. Kikao cha wiki ya mitihani kisogezwe mbele. Tukijenga jeshi la vijana waliodisko, tutakuwa tumewafanyia watawala kazi yao bure.

Mimi siku hizi kwenye kikao naaga saa moja jioni. Naenda kusoma. Wakinicheka nawaambia ukweli: nilishawahi kukaa hadi mwisho, na chama hakikushinda chochote kwa hilo.