Programu za Hisabati Haziulizi Cheo

Miongoni mwa vijana wa Tanga wanaojifunza kuandika programu, wawe wa Ngamiani, Chumbageni au Pangani, imeenea imani moja: kwamba maktaba huria za hisabati kama SymPy, SageMath na GAP hujengwa na maprofesa wa ng'ambo, na kwamba sisi huku kazi yetu ni kuzitumia. Imani hiyo husemwa kwa unyenyekevu, na ndiyo maana wachache huipinga. Nauheshimu unyenyekevu wenyewe, lakini hoja yenyewe haisimami.

Tuitendee haki kwanza. Ni kweli kwamba ndani ya maktaba hizo mna hisabati nzito. GAP, iliyoanzishwa Aachen, Ujerumani, mwaka 1986, hushughulikia nadharia ya makundi, somo ambalo wengi wetu hukutana nalo chuo kikuu, kama tukikutana nalo. Anayetaka kuandika upya kiini cha programu ya namna hiyo lazima awe amebobea. Kosa la imani hii ni kudhani kwamba kiini ndiyo kazi yote.

Kwanza, kazi nyingi inayosubiri watu haidai shahada, inadai umakini. Chukua namba x, izidishe kwa yenyewe, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Je, umerudi kwenye x? Wengi watajibu ndiyo. Jaribu hasi 3: ukiizidisha kwa yenyewe unapata 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, si hasi 3. Programu itakayofupisha hesabu hiyo kuwa x bila kujua kama x ni chanya au hasi itakosea, tena bila kumwonya mtumiaji. Ndiyo maana SymPy huiacha hesabu hiyo kama ilivyo mpaka ielezwe kwamba x ni chanya. Mitego ya aina hii, kama vile sifuri, namba hasi na orodha tupu, mwanafunzi makini wa sekondari anaweza kuinasa. Jaribio la kuhakikisha kwamba kosa lililorekebishwa halirudi huandikwa kwa mistari michache tu ya lugha ya programu ya Python. Vivyo hivyo maelezo ya matumizi yaliyoandikwa kwa fumbo: mgeni huyaona upesi kuliko aliyeyaandika.

Pili, mwamuzi wa mwanzo ni jaribio. Badiliko likiwasilishwa, kompyuta huliendesha pamoja na maelfu ya majaribio yaliyokwisha kuhifadhiwa. Likiharibu hata moja, hurudishwa kwa mwenyewe, awe profesa au mwanafunzi. Likifaulu, mhakiki hulisoma, huuliza maswali na kudai marekebisho. Wahakiki ni binadamu, na ingawa wanaweza kuchelewa au kumwamini zaidi wanayemfahamu, mazungumzo yao huandikwa hadharani, na hesabu sahihi hubaki sahihi ikiletwa na yeyote.

Mkoa wa Tanga unao ushahidi wake kwamba jaribio haliulizi cheo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza kuhusu jambo hilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka, ila Osborne akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu yake, na wengine kuhusu kama jambo lenyewe hutokea kweli. Hilo haliharibu hoja yangu, linaipa nguvu. Mpemba hakuleta nadharia. Alileta taarifa inayoweza kujaribiwa na mtu mwingine: nilifanya hivi, nilitarajia hivi, nikapata hivi. Taarifa ya kosa katika maktaba ya hisabati huandikwa hivyo hivyo.

Tatu, tuwaangalie waliozijenga. SymPy ilianzishwa mwaka 2005 na Ondřej Čertík, aliyekuwa bado mwanafunzi. Aaron Meurer alijiunga mwaka 2009 akisoma shahada ya kwanza nchini Marekani. Mwaka 2011 akawa kiongozi wa mradi mzima. Ubobezi wao ulikua ndani ya kazi yenyewe. Tunaposubiri kubobea ndipo tuchangie, tunaugeuza mpangilio uliowafaa wao.

Iko hoja nyingine dhidi ya kuchangia, nayo ni nzito zaidi: kwa nini kijana asiye na ajira awafanyie kazi ya bure watu wa mbali? Sitaibeza. Kompyuta ni ghali, vifurushi vya intaneti huisha, na mchango haumhakikishii mtu ajira. Hata hivyo, SymPy hupakuliwa kwa chini ya megabaiti 10, ingawa SageMath hudai gigabaiti kadhaa, na maktaba ikishaingia kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Tena, kilichorekebishwa hakimilikiwi na mtu wa mbali: mwalimu wa Muheza hukipata siku ile ile anapokipata mhadhiri wa Paris, bila leseni ya kulipia.

Asiyeshiriki, kwa upande mwingine, huachiwa programu iliyopangwa kwa mahitaji ya wengine. Wakenya waliliona hilo: African Maths Initiative ilishiriki kujenga R-Instat, programu huria ya takwimu iliyowekewa sehemu maalumu ya data za hali ya hewa, kwa sababu wataalamu wa Afrika waliihitaji. Hata hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kushiriki si jambo geni nchini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usianze na kanuni ngumu. Pakua SymPy, ipe maswali ya kitabu chako cha kidato cha nne, na ukague majibu kwa kalamu. Ukikuta jibu lisilo sawa, andika toleo ulilotumia, amri uliyoandika, jibu ulilopata, jibu ulilotarajia na sababu yake. Kiingereza chepesi kinatosha; hesabu itabeba mengine. Ukikataliwa, dai sababu, isome, urekebishe, urudi tena. Hata wale tunaowaita magwiji walianza kabla ya kubobea.