Saa Sabini na Mbili za Mama Anyonyeshaye

Kuna sentensi mbili ambazo mwanafunzi wa isimu hana budi kuzitenganisha mapema: "haijathibitishwa kwamba dawa hii ni salama" na "imethibitishwa kwamba dawa hii si salama." Katika ya kwanza ukanushi umekikalia kitenzi cha kuthibitisha, katika ya pili umehamia kwenye usalama wenyewe. Kiswahili, ambacho wasiokijua hukilaumu kwa ufinyu, huidhihirisha tofauti hii bila taabu. Darasani, azichanganyaye hupoteza alama moja au mbili. Katika zahanati, mama hukosa tiba.

Tuchukue mfano wa kichocho, maradhi yanayowasumbua wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, wakulima wa mpunga wa Mwea na watu wa Kwale. Dawa yake ni prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito; mama wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, mara moja basi. Ilipoanza kutumika sana katika miaka ya 1980, ushahidi kuhusu wanaonyonyesha ulikuwa haba. Kwa hivyo karatasi ya maelezo ikamtaka mama asinyonyeshe siku anayomeza dawa na kwa saa 72 zinazofuata. Tahadhari hiyo iligeuka marufuku, na katika kampeni za kugawa dawa mwenye mtoto kifuani akawa akirukwa. Kwa kuwa wanawake wengi wa vijijini hutoka katika mimba wakaingia katika kunyonyesha, kisha mimba tena, kurukwa huko kuliweza kuendelea kwa miaka mingi, huku minyoo ikilila ini au kibofu.

Karatasi hiyo husema pia kwamba kiwango cha dawa katika maziwa ni kama robo ya kile kilichomo katika damu ya mama. Robo! Neno hilo hutisha, lakini ni robo ya nini? Dawa yenyewe hupungua damuni kwa saa chache tu, na yote inayopita katika maziwa haifikii hata sehemu moja katika elfu kumi ya kipimo alichomeza mama.

Mwezi wa Aprili 2002, wataalamu walioitwa Geneva na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wasinyimwe tiba hiyo. Mwongozo wa shirika hilo wa 2022 unawajumuisha wanaonyonyesha waziwazi. Isitoshe, mnamo Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya liliunga mkono aina ya dawa hii iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenyewe, kuanzia umri wa miezi 3.

Sasa zipime zile saa 72. Ni siku tatu. Mtoto wa miezi miwili atapewa nini? Maziwa ya kopo, ikiwa fedha zipo, yakorogwe kwa maji yaliyotekwa ziwani au mferejini. Atahara. Matiti ya mama yatajaa na kuuma, na mtoto aliyeonja chupa huenda akalikataa titi.

Sisemi kwamba kila tahadhari ni porojo. Tafenokwini, dawa ya malaria aina ya vivax, yaweza kuziharibu chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD; kwa hivyo hali ya mtoto hupaswa kujulikana kabla mama hajaimeza akiwa ananyonyesha. Hapo hatari inafahamika, na sababu yake yaelezeka.

Lakini muuguzi aliye na foleni mlangoni huona amri ile ile: usinyonyeshe. Amri haimwambii kama imetokana na ushahidi au na ukosefu wa ushahidi. Waandishi wa karatasi hizo, na sisi tunaozitafsiri, tungeweza kuongeza sentensi moja tu ya sababu, kwa Kiswahili, kabla ya hiyo amri.