Usawiri na Matabaka: Nani Atamchora Mhusika wa Kuresoi?

Ni nadra mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuhitimu bila kutakiwa kujadili usawiri wa wahusika. Aghalabu hujibu kwa kutaja matendo, kauli na majina yao. Husahau kwamba istilahi hiyo ni ya wachoraji: kusawiri, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kufanya picha. Leo picha hizo huchorwa kwenye kompyuta, na wanafunzi wa Kiswahili wamewaachia wengine kazi hiyo.

Mchoraji wa kidijitali hachori uso mzima mahali pamoja. Hutumia matabaka, mithili ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tabaka moja hubeba mistari ya awali, la pili rangi ya ngozi, la tatu kivuli na la nne mwangaza. Kivuli kikikosewa hufutwa bila kuugusa uso. Photoshop ilianza kutumia matabaka mwaka 1994; siku hizi programu za Krita na GIMP hutoa nyenzo hiyo bila malipo.

Chombo cha pili ni brashi ya kujitengenezea. Mchoraji huchukua picha ya kitu, huigeuza kuwa ya rangi ya kijivu, kisha huiamuru programu iifanye ncha ya brashi. Sehemu nyeusi za picha hiyo hutoa rangi nyingi, nyeupe hazitoi chochote. Baadaye huamua umbali kati ya alama na alama, na jinsi mkandamizo wa kalamu utakavyobadilisha ukubwa wake.

Suala la msingi ni hili: brashi hiyo imetoka wapi? Chukua mfano wa Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, kwenye miinuko ya Mau. Huko kuna majani chai, viazi, ukungu wa alfajiri na watu waliojifunika makoti mazito. Kipsigisi, Kiogiek, Kikuyu na Ekegusii husikika huko. Hata hivyo, kwa msomaji wa mbali, Kuresoi ni machafuko ya 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mhusika wake huwa ama kijana mwenye upinde ama mama katika hema. Huo ni uso wa tabaka moja, na kivuli chake hakifutiki.

Mchoraji anayetegemea brashi na rangi za kupakua tu huzidisha kosa hilo. Akitia kivuli cheusi tupu juu ya ngozi nyeusi, uso hupauka kama majivu; kivuli cha hudhurungi iliyoiva huupa uhai. Akitengeneza brashi kutokana na gome la mtarakwa, sufu ya kondoo au jani la chai, koti na mandhari hubeba alama za mahali penyewe. Naye mama wa hemani, akiongezewa tabaka la kazi yake, la lugha yake na la mzaha wake, huwa mtu kamili.

Wapo watakaodai kwamba haya ni ya idara ya sanaa za ufundi. Dai hilo halina mashiko. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza nchini Kenya mwaka 2010 kwa Sheng, lilidhihirisha kwamba vijana humsoma mhusika kwa sura yake sawa na kwa maneno yake. Isitoshe, istilahi zipo tayari. Mhakiki aliyezoea kuchambua matabaka ya jamii ana neno la kumfundishia mchoraji, naye mchoraji anaweza kumkumbusha mhakiki kwamba tabaka la chini, hata likifunikwa, ndilo linalobeba picha nzima.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuandaa warsha zinazowakutanisha waandishi na wachoraji, na kuandika miongozo ya uchoraji huu kwa Kiswahili sanifu. Vishikwambi vilianza kusambazwa katika shule za msingi za Kenya mwaka 2016. Mtoto wa Keringet au Olenguruone anayekishika kimoja anastahili kuelekezwa kwa lugha anayoielewa namna ya kuusawiri uso wa nyanyake. Asipofanya hivyo yeye, atachorewa na mtu ambaye hajawahi kumwona.