Unacheka Katuni za Wasichana? Angalia Usije Ukajicheka Mwenyewe

Kuna jamaa mmoja mjini, jina kapuni, kila akimkuta mchumba wake anaangalia Sailor Moon lazima amtupie neno: "Mtu mzima na katuni za vitoto vya kike!" Yeye anime zake ni za ngumi tu, Naruto na Dragon Ball, na hizo eti ni za watu wazima.

Sasa jamaa huyohuyo Boys Over Flowers ya Kikorea aliikesha wikiendi nzima. Asichojua ni kwamba stori ile imetoka kwenye manga ya wasichana, Hana Yori Dango, ambayo Yoko Kamio alianza kuichora mwaka 1992. Taiwan waliifanya tamthilia mwaka 2001, Wajapani wenyewe 2005, Wakorea wakafuata 2009. Kwa hiyo anachokicheka ndicho kilichomkesha!

Wajapani wanaziita shojo, yaani msichana. Zamani wachoraji wengi walikuwa wanaume, lakini miaka ya 1970 wanawake vijana wakaja juu. Mwaka 1972 Riyoko Ikeda alianza The Rose of Versailles: Oscar, mwanamke aliyelelewa kama mwanaume, anaongoza walinzi wa malkia wa Ufaransa, kisha anawageuka wakubwa na kuungana na wananchi kwenye mapinduzi. Hapo utoto uko wapi?

Hata Usagi wa Sailor Moon analia ovyo, shule anafeli, asubuhi anachelewa, na bado yeye na mashosti zake ndio wanaookoa dunia. Binti akiangalia hiyo anaelewa kwamba si lazima uwe umekamilika ndio uwe na thamani.

Si kwamba zote ziko poa. Kwenye Hana Yori Dango yule tajiri anaanza kwa kumwonea binti, baadaye ndio inaitwa mapenzi. Hilo watu walibishanie kabisa, maana wapo mabinti wanaodhani kunyanyaswa ndio kupendwa. Ila kubisha ni kitu kimoja, kudharau ni kingine.

Siku hizi yule mchumba anaangalia kwa earphone, jamaa akiingia tu simu inalazwa kifudifudi. Mwenyewe anadhani ameshinda. Lakini mtu akianza kukuficha kitu kidogo kinachompa raha, hata makubwa yanayomuumiza hatakwambia.

Wadau, hapo mtoto ni nani?