Bembea ya Mtoto: Kutuliza si Kulaza



Wiki hii tunalijadili swali wanalojiuliza wazazi wengi wapya: je, inafaa kununua bembea au kiti cha kunesa ili mtoto mchanga apate usingizi? Swali hili lina haki yake. Mama aliyejifungua karibuni huamka mara kadhaa usiku, na kunapokucha kazi za nyumba humsubiri. Hatumlaumu mzazi anayetafuta nafuu.

Ni kweli kwamba mtoto mchanga hutulia akitikiswa polepole kwa mwendo usiobadilika. Wazee wetu walilijua hilo, na lugha yetu imeyafanya maneno bembea na bembeleza kuwa ndugu. Lakini kumtuliza mtoto ni jambo moja, na kumlaza ni jambo jingine. Wengi huyachanganya mawili haya, na hapo ndipo penye hatari.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu. Akilala hali ameketi au ameegemea, kichwa huweza kuinama mbele, kidevu kikagusa kifua na njia ya hewa ikabanwa. Huenda asilie wala asitapetape. Aliye karibu atadhani amelala fofofo.

Haya si maneno ya kutishana. Nchini Marekani, Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price iliviondoa sokoni vitanda vya mwinuko viitwavyo Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitunga sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinuko unaozidi digrii 10. Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya bembea za Snuga za kampuni hiyo hiyo, zaidi ya milioni 2, kufuatia vifo 5 vya watoto waliolazwa humo. Bidhaa iliyokataliwa huko yaweza kutufikia kwa njia ya mitumba. Basi kabla ya kulipa, tutazame jina na namba ya toleo, kisha tuulizie habari zake.

Anayenunua na achague chombo chenye miguu mipana isiyoyumba, mikanda inayoshika mabega, kiuno na katikati ya miguu, na kibandiko kinachotaja mwisho wa uzito wa mtoto. Chombo kisicho na kibandiko wala mikanda, tukiache hata kikiwa cha bei ya chini. Kiwekwe sakafuni, kisiwekwe mezani wala kitandani. Tusiongeze mto wala blanketi. Mtoto afungwe mikanda kila mara, awe mbele ya macho ya mtu mzima, na akisinzia ahamishwe.

Ahamishiwe wapi? Kwenye godoro gumu lililo bapa, alazwe chali, bila mito, midoli wala mashuka mazito, na chandarua kiwe kimechomekwa vizuri. Madaktari wa watoto hushauri awe na mahali pake pa kulala ndani ya chumba cha wazazi. Hukumu ni hiyo hiyo kwa kiti cha gari: ni cha safarini, na tukifika nyumbani mtoto atolewe. Nalo kochi si mahali pa kumlaza, wala pa kusinzia naye kifuani.

Bembea si mlezi wa kuachiwa mtoto wakati sisi tunaswali chumba cha pili. Mtume wetu (s.a.w.) alimbeba mjukuu wake Umamah ndani ya swala, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Hapo pana funzo kwa akina baba na mababu: mikono yao pia ni ya kubembeleza. Baba akimchukua mtoto kwa saa moja baada ya Isha, mama akalala, huenda nyumba hiyo isihitaji kununua chochote.

Mwenye bembea nyumbani hana haja ya kuitupa ikiwa ni salama. Aitumie kwa dakika za kumtuliza mtoto, na usingizi auachie godoro.

Tunamwomba Allah atuhifadhie watoto wetu, na atuwezeshe kuitunza amana hii. Amin.