Kahawa hailipi deni la usingizi

Vijana wenzangu, hapa Kakuma kahawa ya ndugu zetu Waethiopia ni tamu, mimi mwenyewe siiachi. Lakini tuambiane ukweli: haitupi nguvu.

Ukiwa macho siku nzima, ubongo unajikusanyia kitu kinaitwa adenosini. Ndiyo inakuambia, "umechoka, lala." Kafeini inakalia nafasi yake, basi ujumbe haufiki. Uchovu uko palepale, ni wewe tu huusikii. Kafeini ikipungua, unakurudia.

Tena haitoki haraka. Kwa watu wazima wengi, baada ya saa 5 hivi nusu bado iko mwilini. Kunywa saa 12 jioni, saa 5 usiku unayo nusu, halafu unashangaa usingizi umeenda wapi. Chai ya rangi kali nayo ni hivyo hivyo.

Kuna siku nilitoka zamu ya usiku, nikapiga vikombe vitatu, nikaenda kuandikisha watoto. Nilijiona niko sawa kabisa. Kumbe niliruka jina la mtoto mmoja. Mama yake alipanga foleni siku mbili juu ya kosa langu.

Wakubwa wetu wa mashirika, asanteni kwa soda za nguvu, lakini mtu aliyekesha msimpangie kazi asubuhi. Mpeni muda alale. Na sisi vijana, kahawa tuinywe asubuhi, na stori zetu. Usiku tulale, jamani.